Uzi wa Kijani Kwenye Safu ya Kahawia

Kwako Shemeji, mdogo wake mke wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingi kuliko maneno yako, ingawa najua hesabu hiyo ni ngumu. Goti lako la kulia limeacha kulalamika? Na mumeo, bado anakoroma au mmeshamhamishia kwa jirani? Sisi hapa wazima. Mimi ndiyo usiseme: siku hizi napika mpaka yule mpishi wa televisheni ameniandikia akitaka nikamsaidie.

Basi, uongo. Hajaniandikia. Nilijaribu keki yake moja tu, ikatoka ngumu, dada yako akaniambia niitoboe tundu niiuze kama kufuli. Lakini kipindi chake nakitazama kila siku saa tisa alasiri, na kikiisha anaingia yule mama wa kazi za mikono, na yeye pia simkosi. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Ndiyo, shemeji, nafuma. Mimi niliyefungua makufuli ya watu miaka thelathini na minane, sasa nimeshika sindano ya kroshia. Tangu nifunge kibanda changu mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa kazi. Nilianza kwa siri kitambaa cha mgongo wa kochi, safu ya kahawia, safu ya njano. Nikawa naificha kazi ndani ya sanduku la vifaa, chini ya tupa na nyundo, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hatii mkono.

Siku moja nafungua sanduku, nakuta safu tatu za mwisho zimefumuliwa na kufumwa upya. Vitanzi vyangu vinajulikana: kimoja kimekaza kama kamba ya mbuzi, cha pili kimelegea hata kidole kinapita. Hivi vilikuwa sawasawa, kama meno ya msichana. Ila katikati ya safu ya kahawia ulikuwa umepita uzi wa kijani. Nikajiuliza ni fundi gani huyu, mkono wa dhahabu na akili ya kuku.

Wa kwanza kumshuku alikuwa jirani yetu mstaafu wa posta, maana aliwahi kuniona na uzi mfukoni akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Nikasema huyu ananidhihaki. Nikamtega: nikampa soksi yangu yenye tundu, nikamwomba anishonee. Akairudisha ameiunga kwa waya. Nikamsamehe.

Akabaki dada yako. Lakini yeye alishasema kufuma kumemchosha, na sindano zake akazigawa. Tena, kusema kweli, alikuwa na kesi nyingine kwangu: huyo huyo mpishi. Kijana ana kifua, na sauti imetiwa asali. Dada yako zamani alikaa kwenye kochi kama watu. Siku hizi amevuta kigoda mpaka magoti yanagusa meza ya televisheni. Nikajikohoza, hakusikia. Nikamwambia akitaka kumbusu huyo kijana aangalie kioo kisimuunguze pua. Akanijibu kwamba mwanamume asiyeweza kuumua keki hana haki ya wivu.

Halafu vipimo vya mapishi. Zamani alivinakili mwenyewe kwenye daftari. Sasa akadai miwani imepotea, niandike mimi, niliyeacha shule darasa la nne. Miwani yenyewe ilikuwa kichwani kwake! Nikasema basi, ananishughulisha na kalamu ili amtazame mpenzi wake kwa raha.

Jumanne moja, sasa yapata miezi mitatu, nikaaga kwamba naenda kwa kinyozi. Nikafungua mlango, nikaubamiza, nami nikabaki ndani, viatu mkononi, nyuma ya pazia. Kipindi kikaanza. Nikamwona ananyanyuka, anapapasa ukuta mpaka chumbani, anarudi na kitambaa changu na mfuko wa nyuzi. Mpishi anachekacheka kwenye kioo, yeye hata hana habari naye. Uso kauelekeza dirishani, macho kayafumba. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinasoma. Kitanzi kimoja kimoja, midomo inahesabu. Akifika penye kosa langu anaguna, anafumua, anafuma upya. Uzi wa kahawia ukamwishia. Akapapasa mfukoni, akatoa wa kijani, akausogeza mpaka puani, akaridhika nao.

Pale pale wivu ukaniisha. Dada yako haoni, shemeji. Labda anaona ukungu tu.

Kwa nini amenyamaza? Unamjua binti yetu mkubwa. Alipokuja mwaka jana alitangaza kwamba siku mmoja wetu akishindwa kujihudumia, mama atamchukua yeye, maana kwake kuna kitanda kimoja cha ziada, na baba ataenda kwa kaka. Alisema kwa upendo, kama mtu anayegawa vikombe.

Sasa ngoja nikuambie yaliyo yangu, na usinitukane kabla sijamaliza. Miezi mitatu najua na nimekaa kimya. Ilinipasa kumpeleka kwa daktari wa macho siku ile ile. Niliogopa daktari atasema, binti atasikia, na mimi nitaamka kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunikosoa. Nikageuka mfichaji mwenziwe: sufuria nazirudisha pale pale, vipimo navisoma kwa sauti kama mtu anayejipenda. Na kitambaa nakikosea makusudi. Kila asubuhi natia makosa matano, sita, kisha alasiri naaga naenda kwa kinyozi, mimi mwenye upara! Naye ananiaga vizuri tu. Hiyo ndiyo imekuwa raha yetu.

Lakini jana alimimina chai, akakikosa kikombe, ikamuunguza mkono. Si sana. Alicheka, akasema kikombe kimesogea. Mimi sikuweza kucheka.

Binti nitamwambia mwenyewe, daktari akishasema lake. Akigawa vikombe, na agawe. Ila mimi nikimwambia dada yako twende, atakataa. Ubishi kwenu ni urithi. Ndiyo maana nakukumbusha deni. Ulipohamia ghorofa ya tatu, ni nani aliyebeba cherehani yako mgongoni, na meza yake ya chuma, huku mumeo akitumulikia ngazi kwa tochi mchana kweupe? Uliapa utanilipa wema huo.

Msalimie huyo mwenye tochi, na wajukuu wote, hata yule aliyenifunga kamba za viatu pamoja. Dada yako angekusalimia, ila hajui kama nakuandikia, wala asijue. Basi njoo Jumamosi, ujifanye huoni. Jikwae kidogo mlangoni, usizidishe, huna kipaji. Mwambie unaogopa kwenda peke yako kwa daktari wa macho, aje akushike mkono. Kwa ajili yake hatakwenda. Kwa ajili yako atavaa viatu kabla hujamaliza sentensi. Mkifika, kaa wewe kwanza kwenye kiti, kisha mwombe daktari amtazame na mwenzako, maadamu yupo.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Kufuli