Mama Selpher na Kitanda cha Philister

Mwaka umetimia leo, Mama Selpher Ogutu, tangu asubuhi ile ya Mei 1973 ulipoinama kufunga bomba hapa Waithaka, Nairobi, usiinuke tena. Mpaka sasa hatuamini. Debe lilikuwa limejaa. Uji ulikuwa mekoni. Punde tu kabla ya hapo ulikuwa ukimtania jirani yetu Nyakio juu ya kilemba chake.

Ulitoka kijijini kwetu Alego na kikapu kimoja, kwa sababu Philister, mke wa mwanao Oloo, alikuwa amepoteza mimba mbili, zote za miezi sita. Ya tatu daktari alishona mlango wa kizazi, akaagiza alale tu, upande wa miguuni wa kitanda uinuliwe. Oloo aliporudi kutoka kazini kwake River Road alikukuta na matofali manne.

"Mama, wewe hugusi kitanda cha mwanao. Ni mwiko."

"Nani alikufundisha mwiko huo, si mimi? Nimezika wajukuu wawili. Shika upande huo tuinue."

Mkainua. Miezi mitano Philister hakubeba hata sufuria. Nyakio akakuuliza, "Kwani mmeoa malkia?" Ukamjibu, "Ndiyo, na mpishi wake ni mimi. Unataka kazi?" Philister alipolilia masomo yake ya jioni, ulimletea vitabu kitandani. "Soma hapo hapo. Mtoto atoke na cheti."

Mtoto alitimiza miezi yote tisa. Tukampa jina la mzee wako, Ogutu. Ulimwogesha wiki tatu tu.

Matangani watu walinong'ona kwamba ni kile kitanda kilichokuua. Philister aliyasikia, akawa analala sakafuni na mtoto. Kisha akafungua kikapu chako. Ndani ya soksi ulizomfumia Ogutu mlikuwa na kadi ya kliniki, kwa Kiingereza, akaisoma mwenyewe: moyo ni dhaifu, apumzike, asibebe kitu kizito. Tarehe ilikuwa ya kabla hujaja Nairobi.

Mama, kumbe nawe uliambiwa ulale. Na maji yote yale uliyotuchotea?

Wiki jana Nyakio, mwenye mimba ya miezi mitano, ameambiwa asishuke kitandani. Philister amempelekea matofali yako, akayapanga mwenyewe. Maji tunamchotea kwa zamu, na kila anayeshika debe anaulizwa kwanza kama yeye ni mzima.

Unakumbukwa na mwanao Oloo, bintiyo Peres, Philister wako, na mjukuu wako Ogutu, ambaye siku hizi anasimama kwa kukishika kitanda kile. Kila tukikitandika, Mama, tutakukumbuka daima.