Pombe ya Matofaa Nisiyoionja

Jumatatu, 3 Septemba 1951. Kitale.

Mkate haukuumuka vizuri leo. Baridi. Memsahib hakusema kitu, aliubonyeza tu kwa kidole akauacha mezani. Nilikaa na hasira mpaka saa ya chai. Heri mtu aseme.

Jioni Simiyu, ndugu yangu mdogo, alifika na vitunguu vya kuuza sokoni. Habari za nyumbani Kamukuywa si nzuri. Mzee wetu alipelekwa zahanati Bungoma, akarudishwa. Ni tumbo. Ugali hauwezi tena, anakunywa uji tu. Simiyu anasema hatafika Krismasi. Alisema hivyo huku anamenya vitunguu vilivyooza, hakuniangalia.

Nimempa mkate ampelekee mzee. Akautazama, akaniangalia mimi, akaufunga kwa kitambaa. Sote tunajua utaishia wapi. Utapewa ndama.

Jumanne, 4 Septemba.

Sikulala vizuri. Niliwaza matanga ya mama. Mzee alinipa mrija wake mbele ya ukoo mzima, ninywe naye busaa, pombe yetu ya nafaka, kwenye chungu. Nilikataa. Nilikuwa nimetoka kubatizwa, nimeapa kanisani, na kiapo ni kiapo. Hata leo ningekataa.

Akasema, asiyekunywa kwangu, sili kwake. Basi. Tangu siku hiyo hajatia mdomoni kitu kilichotoka mikononi mwangu. Salamu anapokea, blanketi anapokea. Chakula, hapana. Wala haniiti jina. Ati "yule wa Kitale."

Nawapikia wazungu wanasahau adabu mezani. Baba yangu mwenyewe hajui mkono wangu una ladha gani. Inaniuma. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 7 Septemba.

Nilitumwa dukani kwa Mhindi kuchukua mikebe ya maji ya matofaa. Nikiwa pale nikakumbuka Krismasi iliyopita. Memsahib alitaka kutengeneza pombe ya kwao. Maji ya matofaa ya duka, sukari, hamira, mtungi wa kioo, na kampira kembamba ka kutoa hewa, ncha imezamishwa kwenye kikombe cha maji. Alinisomea kutoka kitabuni. Kazi yote nilifanya mimi. Wageni wakaimba mpaka mbwa wakaenda kulala kwenye zizi.

Kiapo chetu kinataja busaa na chang'aa. Matofaa hayakutajwa. Nimefikiria hilo njia nzima, mikebe inagongana kikapuni.

Kama mzee atakunywa kitu nilichopika mimi, atakuwa amekula kwangu. Nami nitakuwa nimeleta chungu bila kuvunja kiapo, kwa sababu sitakunywa. Nitaleta tu.

Jumamosi, 8 Septemba.

Nimeanza. Nimemwomba memsahib ule mtungi. Akauliza wa nini. Siki, nikasema. Uongo umetoka mdomoni bila kujikwaa, nikashangaa mwenyewe.

Nimepasha maji ya matofaa niliyojinunulia kwa Mhindi yakawa vuguvugu, nikatia sukari, nikatia hamira ninayotilia mkate. Mtungi uko nyuma ya jiko letu, umevikwa blanketi kuukuu.

Mke wangu, Mama Naliaka, aliingia na kuni. Akasimama.

"Baba Naliaka, na hicho?"

"Maji ya matunda."

"Mbona umeyavalisha blanketi?"

Nikageukia kuni. Yeye huimba kwaya ninayoiongoza mimi. Ananijua sauti ikianza kupotea.

Alhamisi, 13 Septemba.

Unachemka wenyewe bila moto. Povu limepanda mpaka shingoni. Ule mpira unatoa hewa kikombeni, blu, blu, usiku na mchana. Naliaka anacheka. Amekatazwa kuusema shuleni.

Sionji. Mimi ambaye mchuzi hautoki jikoni kabla sijauweka ulimini, hiki nanusa tu. Nasikiliza. Naangalia rangi. Mama Naliaka anasema si halali kumpa mgonjwa kitu ambacho mpishi mwenyewe hakijui. Nimemwambia halali tumwachie mchungaji. Nimejuta, lakini sikumwambia.

Jumapili, 16 Septemba.

Niliongoza kwaya. Mahubiri yalikuwa juu ya mzee Nuhu na shamba lake la mizabibu. Nilitazama dirishani.

Nyumbani nikakuta mtungi umenyamaza. Harufu hafifu, kama kinywaji cha watoto. Hii haitafaa. Wazee wakipewa kitu kisichokuwa na nguvu watasema yule wa Kitale amekuja kuwadharau, na mzee ataaibika mbele ya rika lake. Mimi nataka iwe kali. Nimeponda sukari nguru, ile inayotumiwa na wapika chang'aa, nikatia. Tena nyingi. Hamira nayo nikaongeza.

Mtungi umeamka. Sasa harufu yake inauma macho. Mama Naliaka amesema niache utulie kabisa kabla sijatia kwenye chupa. Anasema kweli. Lakini ugonjwa wa mzee hautulii ukaningoja.

Alhamisi, 20 Septemba.

Nilikuwa nimetuma neno nyumbani kwamba nataka kumletea mzee chungu; leo dereva wa lori la mahindi ameleta jibu la Simiyu. Mzee amekubali. Ameita wazee wenzake Jumamosi. Amesema, yule wa Kitale alete hicho chungu chake.

Kwa kuwaza hilo nikapasua bilauri ya memsahib. Hakugombeza. Amenipa ruhusa ya siku mbili.

Nimetia kwenye chupa, nimeziba kwa vizibo na kufunga kwa kamba ya katani, nikakaza. Moja imebaki hapa, kikapu kimejaa. Nimeificha nyuma ya unga.

Jumapili, 23 Septemba. Kamukuywa.

Naandika nimekaa kando ya ghala la Simiyu. Nyumba bado imelala. Niandike ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Lori kwanza. Nilikalia magunia, kikapu katikati ya miguu. Mbele yangu nani? Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu, anaenda kumwona binti yake. Tukasalimiana vizuri, tukaongea habari ya mvua. Jua lilikuwa kali na barabara ina mashimo. Kabla hatujafika mtoni, chupa ikalipuka. Pa. Halafu nyingine. Kizibo kilimpita mama mmoja sikioni. Nikalowa kuanzia tumboni mpaka viatuni, na harufu ikajaa lori zima. Watu wakacheka, mmoja akasema si angalau ungetugawia, bana. Mzee Yohana hakucheka. Aliinua Biblia yake kutoka kwenye magunia yaliyolowa, akaifuta kwa kanzu. Nilifungua mdomo kusema ni maji ya matunda. Nikaufunga tena.

"Tutaonana kanisani, Wafula," akasema. Alisema kwa upole. Upole ndio uliniumiza.

Chupa zilizobaki nilizimimina kwenye chungu kikubwa cha mzee, uani. Wazee walikuwa wamekaa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mzee alikuwa kwenye kiti, amefungwa blanketi nililomletea mwaka jana. Amekuwa mdogo sana. Mikono yake imekuwa mifupa tu. Mzee Khaemba, rika lake, akaitisha maji moto yaongezwe, kama busaa. Nikamwambia hii hunywewa baridi. Akasema baridi ni ya vyura, na maji moto yakamiminwa. Nikaumia kama mpishi.

Halafu wakatulia. Wakanitazama. Nikawatazama.

Simiyu akaniwekea mrija mkononi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Aliyeleta pombe ndiye huonja kwanza, wote waone haina sumu. Hivyo ndivyo tunavyofanya, tangu zamani, mtoto mdogo anajua. Mimi nimekaa Kitale nikihesabu vikombe vya wazungu mpaka nimesahau. Nilifikiria kila kitu. Nilifikiria sukari, mpira, kiapo, wazee. Sikufikiria kwamba mtu haleti chungu kisha akakaa kando.

Nilishika ule mrija. Nikinywa, kiapo kimevunjika, na safari hii hakuna maneno ya matofaa ya kujifichia. Nisiponywa, nimewaletea sumu mbele ya ukoo mzima, na mambo ya matanga ya mama yanarudi mabaya zaidi. Khaemba alishaanza kuvuta kiti chake nyuma. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nilisimama tu kama gogo.

Mzee akanyoosha mkono. Polepole, blanketi likamwanguka begani. Akauchukua mrija kutoka mkononi mwangu, akauingiza chunguni, akavuta. Akavuta kwa muda mrefu. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Akapumua.

"Huyu nimemzaa mimi," akawaambia. "Anitilie nini?"

Halafu akasema, "Ni tamu. Wafula ametengeneza vizuri."

Wafula. Amesema Wafula.

Nilidhani sasa atanirudishia mrija. Nilikuwa tayari. Naandika ukweli hapa: wakati ule ningekunywa. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka. Mzee akautazama ule mkono, akanipita, akampa Khaemba aliyekaa upande wangu wa pili.

"Mwacheni," akasema. "Yeye ni wa kanisa. Akae tu na sisi."

Nikakaa. Miaka yote hii nilitaka neno hilo moja tu, nikae nao bila kunywa. Nimelipata, na nilijisikia kama mtoto aliyenyimwa. Sielewi moyo wangu.

Wazee walivuta mirija mpaka jua likazama. Waliongea kidogo kuliko kawaida yao. Mzee alinishika goti, akalala hapo hapo kitini, mkono ukiwa bado juu ya goti langu. Mguu ulikufa ganzi. Sikuusogeza.

Jumatano, 26 Septemba. Kitale.

Kazi nyingi. Wageni kutoka Eldoret, keki mbili, bata. Nilifanya yote kama mtu aliye mbali.

Jioni nilitoa ile chupa nyuma ya unga. Nikaikata kamba. Mama Naliaka alikuwa anasuka nywele za mtoto, akaacha kusuka. Nikamimina kikombe. Nikaonja.

Mbaya. Mbaya kabisa. Ni kali mpaka inakwaruza koo, halafu inakuja siki, halafu hamira mbichi, na mwisho kuna ladha ya sukari iliyoungua. Mbwa hawezi. Nilikimbia nje nikatema, nikarudi, nikaonja tena kuhakikisha. Imetoka mtungi mmoja na zile nyingine, siku moja. Ni ile ile.

Mzee alivuta hiyo kwa tumbo lake bovu. Hakukunja uso. Akasema ni tamu.

Nimelia. Mama Naliaka ameketi karibu nami. Amechukua kikombe akanusa, akakiweka mbali.

Jumapili, 30 Septemba.

Nimekwenda kwa Mzee Yohana mwenyewe kabla ya ibada. Nimemwambia yote, pamoja na kikombe cha Jumatano. Nilikuwa na yale maneno yangu ya matofaa, sikuyatumia. Alisikiliza. Akasema kwaya nitaiacha mpaka Krismasi, halafu tutaona. Kisha akauliza mzee anaendeleaje, na akaniombea nikiwa nimesimama mlangoni.

Nimekaa benchi la nyuma. Kijana aliyewekwa mahali pangu aliuanzisha wimbo juu sana, kina mama wakashindwa ubeti wa pili. Nilifurahi kidogo. Mungu anisamehe hilo pia.

Mtungi nimeuosha, nimeurudisha. Memsahib akauliza siki ilitoka vipi. Nikamwambia ilitoka siki kweli.

Ijumaa, 5 Oktoba.

Simiyu amekuja na vitunguu. Mzee bado yupo. Amepungua zaidi, sauti imeshuka, lakini akili ipo.

Nilimwuliza Simiyu juu ya ile pombe. Mwanzo alikataa kusema. Mwishowe akacheka mpaka akashika ukuta. Khaemba aliumwa tumbo siku mbili. Wengine walisema hawajawahi kunywa kitu kama kile tangu wazaliwe. Lakini mzee amewakataza kuisema. Amewaambia atakayeisema vibaya asirudi uani kwake.

Halafu Simiyu akakumbuka alichotumwa. Alisema kwa kawaida tu, huku anafunga gunia. Uji umemchosha mzee. Anauliza kama ule mkate wa Wafula bado upo, ule ambao umekuwa ukinenepesha ndama. Anataka ulio laini, auchovye kwenye chai.

Nakwenda kesho na lori la asubuhi.

Hamira iliyobaki inatosha mkate mmoja. Nimekanda unga, nimeufunika kwa lile blanketi kuukuu, nimeuweka nyuma ya jiko. Usiku huu hakuna baridi sana. Unaumuka vizuri.