Baba Achieng, Kompyuta Imekataa

Mpendwa Baba Achieng,

Nimefunga cyber, lile duka letu la kompyuta. Nimeona heri uambiwe na mimi mkeo, ingawa tulishakuzika kwenu Seme na najua barua haifiki huko.

Unakumbuka ile Jumapili uliyorudi kutoka Kawangware na RAM, kile kijibao cha memori, umeifunga kwa gazeti? Mvua ilikuwa inapiga mabati ya mtaa wetu wa Kisumu Ndogo hadi tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Kompyuta tuliinunua ikiwa tayari imezeeka, na wateja walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mtu akija kuandikiwa CV anasinzia kabla haijafunguka. Uliilaza CPU, lile kasha lenye mashine yote, kitandani, ukaifungua, vumbi likatutoa machozi. Ukaniambia nishike kwanza chuma cha kasha, umeme wa mwilini usije ukaichoma RAM. Ile ya zamani uliitoa, ukachukua kifutio cha Achieng ukasugua yale meno yake ya dhahabu polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Ukairudisha. Ile uliyoileta ukaniachia mimi niiingize.

"Bonyeza, nyar Gem," ukasema, maana hukuzoea kuniita kwa jina, uliniita binti wa kwetu Gem. "Usiogope. Ikiingia utasikia."

Nikabonyeza, ikalia "tak" pande zote mbili. Kompyuta ilipowaka ikaonyesha memori imeongezeka, ulinishika kiuno tukacheza hapo kati ya kitanda na jiko, na jirani akagonga ukuta akidhani tunapigana.

Baada ya hapo kazi ilikuja kweli. Ulinifundisha kuchapa, na miguu yako ilipoanza kuvimba kwa sababu ya figo, wewe ulikaa kwenye kiti ukisoma na mimi nikichapa. Programu ya mazishi yako niliichapa kwa kompyuta hiyo hiyo. Nilipofika mahali pa kuandika "ameacha mjane" niliinuka nikatoka nje. Achieng ndiye aliyemalizia ile sentensi.

Nilidhani nitaiendesha hivyo hivyo mpaka Achieng amalize chuo. Lakini siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, na zile kurasa ni nzito. Ukifungua mbili, mashine inaganda. Vijana wana simu zao, hawana shida. Waliobaki kunitegemea ni watu wazima wasiojua pa kubonyeza, na hao nao walianza kuchoka kungoja.

Achieng aliniambia, "Mathe, hii kitu imezeeka. Tuiuze tu kama vyuma chakavu."

Nilipanda bodaboda na CPU mapajani hadi sehemu inayoitwa Kongo kule Kawangware, kwa Mutua, yule rafiki yako wa Kitui aliyekuuzia ile RAM. Aliifungua akaipapasa ile RAM aliyokuuzia. Nadhani alikuwa anakukumbuka. Nikamwambia aniongezee memori kama alivyokufanyia wewe.

"Mama Achieng, hizi za sasa hata haziingii," akasema. Akaweka moja kando ya yako. "Ona hili pengo kati ya meno, haliko mahali pamoja."

"Na za zamani?"

"Ninayo moja kubwa. Lakini sioni bodi yako ikiikubali."

"Jaribu."

Alijaribu. Skrini ikabaki nyeusi, mashine ikawa inalia tu. Akaihamisha upande wa pili, ikalia vile vile. Akarudisha zako, ikawaka.

"Hapa ndipo mwisho wake," akasema. "Sio kwamba wewe umekosea. Hata yeye angekuja mwenyewe, ningemwambia hivyo hivyo."

Hakutaka nimlipe. Njia nzima nilikuwa natamani angetaka.

Nikaendelea nayo. Kisha akaja Mama Otis, yule anayeuza dagaa wa omena karibu na kanisa, na mwanawe wa mwisho. Walitaka kujaza fomu ya chuo, na nafasi zilikuwa zinafungwa siku hiyo. Tulijaza kila kitu, vyeti, majina ya wazazi, picha. Nilipobonyeza kutuma, ikaganda. Nikaizima nikaiwasha, tukaanza upya, ikaganda pale pale. Walipokimbilia cyber ya kule Gatwekera, foleni ilikuwa imefika barabarani, na zamu yao ilipofika, nafasi zilikuwa zimefungwa.

Mama Otis hakunilaumu. Asubuhi yake alinipimia omena kama kawaida akaniuliza Achieng anaendeleaje. Afadhali angenitukana. Siku hiyo hiyo nilirudisha funguo za chumba cha cyber kwa mwenye nyumba.

Chumba sasa ni baa. Mimi nafua nguo za watu, wiki zingine napata, zingine sipati. Achieng ameacha chuo kwa muda, ndivyo tunavyosema, kwa muda, na wote wawili tunakwepana macho tukisema. Kompyuta iko chini ya kitanda. Mnunuzi wa vyuma akipita nitamwita, kwa sababu sioni cha kungoja tena.

Jana pale bombani mtu aliniita "Mama Cyber". Nikaitika kwa mazoea. Halafu nikasogeza mtungi wangu, maana foleni ilikuwa imesonga.

Pumzika, baba. Huku sina habari nyingine ya kukupa.

Mkeo,
Mama Achieng