Komeo la Kibanda cha Sungura

Jumamosi, Matinyani

Lakini kwa nini komeo liangalie upande wa nyumba ya shemeji?

Shemeji Mutua amemjengea Mwende wangu kibanda cha sungura bila kuombwa. Nashukuru, kweli. Amekiinua juu mbwa wasifike. Mimi nikaweka mbao juu ya ile waya ya sakafuni isimuumize sungura miguu, na nyasi kavu, na gunia lililoloweshwa maji juu kwa sababu ya hili joto.

Tangu baba yake aende kazi Emali, Mwende anamwambia huyo sungura mambo yake yote.

Shemeji akamnyanyua sungura, akampapasa mgongo. "Anaendelea vizuri, Mama Mwende. Mpe sukuma wiki kwa wingi."

Na hajawahi kuuliza mtoto amekula nini!

Jioni nikaweka kufuli. Akaniuliza, "Kwani huniamini?"

"Nakuamini, shemeji. Ni mbwa."

"Mbwa anafungua komeo?" Akacheka sana.

Ufunguo nalala nao. Labda namwonea, Mungu anisamehe. Lakini kesho wageni wa kanisa wanakula kwake, na mpaka sasa sijasikia kuku akikimbizwa.