Jina la Mngazija

Nyakato, Musoma
4 Februari 2024

Mke wangu Bibi Mwanaupe,

Shikamoo. Goti linakunjika au bado linagoma? Mimi mzima, nazidi kupendeza. Simu umeitumbukiza kwenye ndoo, basi barua analeta Ryoba wa bodaboda.

Bibi, mjukuu wako naoa. Usinune, utabaki mke mkubwa. Anaitwa Najat, wa Bunda. Baba yake Mzee Hamduni ni fundi cherehani. Aliposikia naitwa Anuari Abubakary Mngazija, akasimamisha cherehani. Kumbe babu yake alitoka kisiwa cha Ngazija, zamani za Wafaransa! Nikamwambia hata sisi tulikuwaga watu wakubwa huko. Ameshaanza kunishonea kanzu. Ila kabla ya posa anataka nimtajie mji wetu na ukoo. Sisi wa wapi? Kama kulikuwa na usultani, usinifiche.

Mumeo,
Anuari

Buswahili, Butiama
11 Februari

Mume wangu mwenye domo,

Marahaba. Goti linagoma, mkono bado unaandika.

Sultani gani? Baba mkwe wangu alikuwa Mugeta, mzaliwa wa hapa hapa Buswahili. Kisiwa alichokiona ni Lukuba, tena kwa mbali. Ila ndiye peke yake aliyekuwa na ngazi ndefu, na Mwingereza akamwita Musoma kuezeka nyumba za serikali. Watu wakawa wanamwitaga Mungazi, mtu wa ngazi. Karani wa kuandika majina ya vibarua alikuwa mtu wa pwani, kazi yake kutucheka tunavyosema "mutu" na "mutoto". Kusikia Mungazi akasema, "Hawa hawajui kutamka," akasahihisha mwenyewe: Mngazija. Mzee hakujua kusoma. Akaliitikia mpaka akafa.

Kamwambie mkweo.

Mkeo mkubwa

Nyakato
13 Februari

Bibi, shikamoo, lakini umeniua.

Mzee Hamduni ameshawatangazia watu msikitini kwamba amepata mtu wa kwao! Mimi sisemi kitu. Jina liko kwenye kitambulisho, kwani serikali inakosea? Nitajie mji wowote, hata wa uongo.

Anuari

Buswahili
16 Februari

Anuari,

Mji sina. Ngazi ninayo, kuku wanalala juu yake. Siku ya ndoa utakaa mbele za watu uitwe kitukuu cha nani? Na Mugeta siku hiyo tumweke wapi?

Bibi yako

Nyakato
20 Machi

Bibi, shikamoo. Goti je?

Mwezi mzima nilikuwa najificha. Juzi nimeenda Bunda nikasema yote. Mzee akakata uzi kwa meno. Najat akasema nyuma ya pazia, "Baba, kwani wewe Ngazija umefika?" Akamwambia nyamaza. Halafu akaniuliza, "Hizo nyumba alizoezeka Mugeta zinavuja?" Bibi, moja niliipaka rangi mimi mwaka jana, fundi rangi namba moja, tena kwa ngazi ya kuazima! Sikujua kama aliiezeka yeye. Nikamwambia hata tone haliingii.

Hajasema ndiyo. Kanzu ameikunja akaiweka kando. Anataka kuiona ngazi. Jumamosi nakuja naye. Usinitanie mbele yake.

Mumeo mnyonge,
Anuari

Buswahili
24 Machi

Mume wangu,

Mmefika salama? Kuku wangu bado hawajarudi, ulivyowafukuza jana kwa fujo.

Ulipokuwa unawakimbiza, mkweo alipanda vipago vitatu vya ngazi, akashuka, akatoa kalamu. Akaniuliza, "Mama, ni Mgeta au Mugeta?" Nikamwambia aweke "u", asisahihishe. Anataka kulitarizi jina hilo ndani ya kola ya kanzu yako.

Njoo uchukue ngazi yako.

Mkeo mkubwa