Ombi Lenye Pengo

Mume wangu,

Huku sote tu wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Kazini, seva yetu, ile kompyuta inayopokea maombi ya miadi ya hospitali, ilikuwa inazimika kila mgonjwa mmoja akituma ombi lenye pengo, yaani sehemu aliyosahau kuijaza, na wengine wote wanakosa huduma. Bosi aling'aka, "Huyo mgonjwa afungiwe!" Nikamwambia, "Mgonjwa hana kosa, bosi. Seva yetu ndiyo inayozimia ovyo." Nikaifundisha isome kila ombi kwanza, likiwa na pengo, imwambie mtumaji kilichokosekana, kisha iendelee kuhudumia wengine. Leo yameingia maombi mabovu chungu nzima, wala haikutikisika.

Sasa hii barua yako: "Tuachane, utaelewa." Dada yako aliileta mwenyewe, akakaa kitako kungoja nizimie. Nilimwongezea chai.

Sijaelewa, baba watoto. Umeandika tuachane, sababu hukuweka. Basi nakurudishia barua yako humu humu kwenye bahasha. Ijaze, au njoo uniambie ukinitazama usoni. Watoto wanakula vizuri, na mimi kesho naingia kazini kama kawaida.

Mkeo, mpaka useme kwa nini.