Mama, Iteremshe Ile Picha

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Sugar Land, huku Texas. Goti linaendeleaje? Baba ameacha kubishana na redio? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu Alhamisi uliponipigia ukaniambia akina mama wa kanisa wamenitengea Jumapili nikija, niwapime wazee presha na sukari. Nikasema, "Sawa, Mama." Ukapiga vigelegele. Naandika barua kwa sababu kwa simu ningesema sawa tena.

Hapa kazini kuna bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Ujerumani. Macho yamemwisha, kwa hiyo nikishamwogesha na kumlisha, namsomea riwaya. Anasema kwao riwaya za aina hii ni nyingi: unamfuata kijana tangu utotoni mpaka ajitambue. Huyu wetu aliagwa kwa sherehe aende kujifunza kazi aliyochaguliwa na baba yake. Loo, alinichosha! Kurasa mia mbili na bado anarandaranda, anaacha hiki anashika kile. Nikamwambia bibi, "Kwetu huyu angeshaitwa mbele ya wazee!" Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwache akosee," akasema. "Riwaya hizi nilizisoma nikiwa msichana, nikaona kumbe mtu anaweza kupotea miaka na bado akawa mtu wa maana. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia hivyo."

Jana tulifika pale kijana anapokiri kwamba ile kazi ilimshinda zamani, ila anaogopa kurudi nyumbani. Nikafunga kitabu. Nikasingizia macho yamechoka.

Mama, mimi si nesi. Mtihani wa unesi nilifeli mara mbili nikaacha shule, huu mwaka wa tatu. Naogesha wazee, nawabadilisha nepi, na kazi hii naipenda. Lakini nikikumbuka ile picha yangu ya sare nyeupe uliyoitundika sebuleni, nahisi nimefungiwa humo ndani ya fremu, hata pua siwezi kujikuna. Nimechoka, Mama. Nisamehe.

Msalimie Baba; msomee hii akiwa ameketi. Msalimie dada yangu Wairimu, nadhani alishajua. Na yule mzee wa kanisa anayenitumia picha za mguu wake, mwambie aende kwa daktari leo leo. Mimi sijui ule mguu una shida gani.

Halafu iteremshe ile picha. Nikija Desemba, unipokee mimi, si yule wa ukutani.

Binti yako,
Nyambura